Chumba cha Kitinda

9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Na miguu yako nayo shikamoo, maana najua inakusumbua kuliko unavyokiri. Ile dawa ya kuchua niliyokuletea umeanza kuitumia, au bado iko juu ya kabati inatazama watu? Mimi sijambo. Kikohozi kimekwisha, na chumba hakivuji tena tangu mwenye nyumba aone haya akaziba paa.

Kazi ipo. Benchi la marehemu mume wangu nimeliweka chini ya ngazi, pale watu wanapoingilia, na mtaa umeshazoea kuona mwanamke ameshika nyundo huku misumari iko mdomoni. Mwanzo walikuja kunishangaa, siku hizi wanakuja na viatu. Kila nikishona soli namkumbuka mwanao alivyonifundisha, akinigonga vidole kwa kijiti nikikosea, halafu anaomba radhi jioni nzima.

Mama, kuna jambo, na nimelizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nyumba hii tumepanga wengi, vyumba viko huku na huku, ukumbi mrefu katikati. Jioni moja nikasikia mtu anapita ukumbini. Hatua moja nzito, moja nyepesi. Hatua hiyo unaijua. Niliacha sufuria motoni nikatoka mbio, nikamkuta mwanamume nisiyemjua anafungua kufuli ya chumba cha mwisho, amejaa saruji kuanzia nywele hadi viatu. Akaniuliza, "Dada, kuna nini, moto?" Nikasema hapana. Nikarudi ndani nikalia mpaka chakula kikaungua.

Huyo ndiye ninayekuandikia habari zake. Ni mwashi, na nyumba nzima tunamwita Mwashi tu. Ni mpole, hanywi, na akisema atakuja anakuja. Ametaka tuoane, nami nimempenda, sikufichi. Tatizo ni kwamba ni mtu wa ng'ambo ya mto, na vitani alipigana, upande wao.

Aliyenizaa alifia njiani tukikimbia, na wewe ndiye uliyemfumba macho. Tangu hapo sina mama mwingine, hata kama ulinipata kwa kuolewa na mwanao. Nakuomba baraka yako.

Mwanao.


3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu imezipokea salamu, inasema haitaki dawa inayonuka kama beberu. Wamezaliwa pacha jana, mama yao yu salama, baba yao kazimia mlangoni ikabidi nimhudumie yeye kwanza. Kwa hiyo mkono wangu bado unafanya kazi, na akili pia, nakuambia mapema.

Sasa tuje kwenye hilo lako. Nani kakuambia wewe ni mjane? Umeona kaburi? Umeona mwili? Unaandika "marehemu, marehemu" kana kwamba ulimwosha kwa mikono yako. Kitinda wangu hajafa, amechelewa. Alipozaliwa pia alichelewa, akatanguliza miguu, tena usiku wa mvua ambao mkunga nilikuwa mimi na mzazi nilikuwa mimi. Nikamvuta mwenyewe kwa mguu wa kushoto, ndiyo sababu mguu ule ukabaki mdogo mpaka leo. Nasema mpaka leo! Chumba chake nakifagia kila asubuhi, shuka nabadilisha, taa naijaza mafuta. Majirani wananong'ona. Wacha wanong'one. Wengi wao niliwapokea mimi nikawachapa matako wakalia, na wakinichosha nitawachapa tena.

Halafu mtu wa ng'ambo! Waliochoma nyumba yangu ya kuzalishia, nikabaki na mkasi na beseni. Wanaume wote waliojaa mjini, macho yako yakaenda kuangukia hapo?

Baraka sina. Mwanamke hana waume wawili.

Mama.


28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Nilikuwa na hasira, nikaona nikae kimya, maana maji yakishamwagika hayazoleki. U mzima? Wale pacha wanaendeleaje? Na baba yao?

Nimekuelewa, ila nawe nisikie. Mwashi halali kama watu. Hukaa chini, mgongo ukutani, uso mlangoni, ndivyo anavyolala. Kitanda chake kimewekewa mabati na ndoo. Nilimuuliza anamwogopa nani, akasema hajui, ila akilala chali anahisi amelala mahali pa mtu. Mama yake na dada zake waliungua ndani ya nyumba yao. Waliowasha moto walikuwa watu wetu, Mama. Wa upande wetu. Hilo nalo ulijue.

Siku moja nikamwambia hili la Mwashi ni jina la kazi, jina lake hasa ni lipi? Akasema waliokuwa wakilitumia wamekwisha wote, na yeye mwenyewe akilitamka linamshtua. Niite Mwashi, akasema, nikikusikia unaniita najua nipo. Basi nikamwita hivyo, akacheka. Tangu nimjue ndiyo mara ya kwanza kumwona meno.

Tumepanga kuoana Agosti. Nikiolewa bila baraka yako nitajiona kama nimeiba kitu, na nitaishi nacho nikikificha. Usinifanye mwizi.

Mwanao.


20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Pacha wananenepa. Baba yao kazimia tena, walipochanjwa.

Nimekaa na barua yako. Sikujua habari za mama yake na dada zake. 

Nitakuambia jambo nisilomwambia mtu. Nusu ya mji huu niliipokea kwa mikono yangu, na nusu ya hiyo nimesaidia kuizika. Kila mama hapa ana kaburi lake la kung'olea majani, isipokuwa mimi. Juzi nilimwona jirani yangu amepiga magoti kwenye la mwanawe, anapalilia huku anaongea naye, anamsimulia bei ya sukari. Nikamwonea wivu. Wivu, mwanangu! Umeona mtu anamwonea mwenzake wivu kwa kaburi?

Kwa hiyo hili ndilo neno langu. Niletee Kitinda. Akiwa hai, wewe mwenyewe utachagua. Akiwa mifupa, nitamzika, na siku hiyo hiyo nitakubariki uolewe na umtakaye, hata wa ng'ambo, hata jini. Lakini mpaka nimshike kwa mkono wangu. Kabla ya hapo usiniombe.

Mama.


2 Julai

Mama,

Shikamoo. Keti kwanza kabla ya kuendelea kusoma. Kama kuna mtu karibu, mwambie akae nawe.

Mwashi ana viatu vya kazini ambavyo huvivua mlangoni. Vimekuwa mawe kwa saruji, hujui kama ni ngozi au tofali. Soli ya kulia ikafunguka. Nikamwambia alete, ni aibu mchumba wa fundi viatu kutembea na kiatu kinachopiga miayo. Akakataa. Akasema nitavitupa, viache. Asubuhi moja akaenda kazini kwa kandambili, nikavichukua bila kumwambia, nikasema nimfurahishe. Nikaviloweka nikaanza kukwangua.

Kwa nje vinalingana. Kwa ndani, cha kushoto kimejazwa ngozi mbele na ubavuni, imeshonwa kwa uzi wa nta, mishono miwili miwili. Mama, ngozi ile niliikata mimi. Ilikuwa ya mkoba wangu wa harusi. Kitinda alivitengeneza hivyo ili watu wasiutazame mguu wake, na nilikuwa nimeketi naye akivishona.

Mwashi aliporudi alivikuta benchini, safi. Alikaa chini pale pale na saruji yake, akasema yote. Ni kule kwenye matanuri ya matofali. Walipigana usiku kucha, na asubuhi wakaamriwa kuzika. Yeye miguu yake ilikuwa inatoka damu, viatu havina soli. Akamvua mmoja wa maiti wetu. Kisha akaona haya kumwacha peku, akamzika peke yake nyuma ya tanuri lililokatika bomba la moshi, kichwa akakiegemeza kwenye matofali. Mahali anapakumbuka. Nilimuuliza kama ni yeye aliyempiga. Akasema walipiga wote, gizani, na kama angekuwa anajua angeniambia, kwa sababu kutojua ndiko kunakomkalisha ukutani.

Tangu aliponiona kwenye benchi, na nikamwambia mume wangu alikuwa fundi viatu wa huko kwetu bondeni, alianza kushuku. Akaogopa kuuliza. Nikamwambia kiatu cha kushoto kilikuwa kinakubana, kwa nini hukuitoa hiyo ngozi? Akasema alitaka kiendelee kuuma.

Ile hatua niliyoikimbilia ukumbini, Mama, niliyoipenda kabla sijamwona uso, ilikuwa ya viatu.

Sijui nimfanye nini. Sijui nijifanye nini mimi. Amesema yuko tayari kuja kukuonyesha mahali, hata ukimwitia watu wamuue. Amua wewe.

Mwanao.


11 Julai

Mwambie aje. Aje na sepetu. Wewe usije.

Leo sina salamu.

Mama.


30 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Mwashi aliondoka tarehe ishirini ya mwezi uliopita, nikamvalisha viatu vipya nilivyomshonea kwa kipimo chake. Tangu hapo hakuna barua, si yako wala yake. Nimeuliza madereva wa malori wanaopita huko, wanasema mji umetulia, hakuna aliyeuawa. Sasa nini?

Vile viatu vingine nimevifunga kwenye gunia, nimeviweka chini ya kitanda. Utaniona mjinga, lakini nakuambia. Jioni nikiwa napika, ukumbini kuna mtu anapita. Nzito, nyepesi. Nafungua mlango, hakuna. Nimemwuliza mama wa chumba cha jirani kama naye anasikia, akasema yeye anasikia panya tu. Nikapima gunia kwa mkono, lipo, halijasogea. Nimeanza kupika mapema ili jioni nisiwe karibu na mlango.

Nimepigana na moyo wangu wiki zote hizi. Nimemchukia, nimemlilia, nimemchukia tena. Mwisho nimegundua kwamba nikikisikia kile kishindo, ninayetaka awe nyuma ya mlango ni Mwashi. Si Kitinda. Mungu anisamehe, nawe unisamehe. Akirudi nitaolewa naye. Viatu vile tutavifukia pamoja, na akitaka kulala ameketi nitaketi naye.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Mwanao.


19 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, mara nyingi, za nyuma zote nimezijumlisha. Mimi mzima. Nisamehe, mkono ulikuwa mzito.

Alifika jioni, kasimama nje ya ua kama mgeni wa posa. Sikumkaribisha. Tukaondoka alfajiri, yeye mbele na sepetu, mimi nyuma na shuka safi. Akachimba mimi nimeketi juu ya ndoo. Alipofikia matofali akaweka sepetu pembeni, akaendelea kwa mikono, taratibu, akanikumbusha mimi mwenyewe ninavyompokea mtoto. Nikamwambia sogea. Nikashuka shimoni kwa magoti haya mabovu. Mguu wa kushoto sikuhitaji kuutazama, niliutambua kwa vidole. Mimi ndiye niliyeushika kwanza duniani, kabla ya mtu yeyote.

Nikasema, ni yeye. Mwashi akaanza kulia. Nikampiga kofi. Nikampiga la pili. La tatu mkono ukagoma, nikamshika bega ili nisianguke, naye akanibeba mgongoni mpaka nyumbani, na mwanangu kwenye shuka kambeba mbele, kifuani pake. Tumemzika nyuma ya jiko. Sasa nami nina kaburi. Jana nimepalilia, nikamsimulia bei ya sukari.

Ahadi ni deni. Baraka yako hii hapa, nimeiandika kwa mkono wangu: olewa naye, na Mungu awape watoto, nami nitakuja kuwapokea.

Atarudi huko akimaliza paa langu, limeoza lote. Analala chumba cha Kitinda, maana ndicho chumba kilichokuwa tayari. Juzi nilimwita kutoka jikoni, ulimi ukateleza, nikaita "Kitinda!" Akaitika. Hakushtuka, nami sikujisahihisha.

Mama.


1 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo na asante. Nimeisoma barua hadi karatasi imelegea. Nimemlilia Kitinda kwa mara ya kwanza kama mtu anayelia msiba, si kama mtu anayesubiri. Na baraka yako nimeiweka chini ya mto.

Lakini lile la mwisho limenikaa vibaya. Usimlaze chumba kile. Mpe jamvi sebuleni, atakuambia hata yeye hapendi kitanda. Na mwambie aniandikie mwenyewe. Anajua kuandika, aliwahi kuniachia vikaratasi mlangoni.

Agosti imeshapita. Paa moja linachukua muda gani?

Mwanao.


14 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Paa limekwisha, zuri ajabu, mvua ikinyesha nasikia muziki. Sasa anajenga chumba cha kuzalishia, mahali pale pale palipochomwa. Nilimwambia asijisumbue. Akasema hana haraka.

Unasema hapendi kitanda. Mwanangu, analala! Amelala chali, mdomo wazi, anakoroma kama trekta. Nilisimama mlangoni asubuhi nikamtazama nikashindwa kumwamsha. Nguo za kabatini zimemkaa. Nilimwambia mara moja tu kwamba Kitinda alikuwa hali vitunguu, sasa naye anavitoa pembeni mwa sahani, anavipanga ukingoni. Sikumwomba. Nilimpa barua yako akaiweka mfukoni, akasema ataijibu. Nadhani bado iko mfukoni.

Na kutembea! Amevaa vile viatu vipya ulivyomshonea, vinamtosha vizuri, lakini akivuka ua ni nzito, nyepesi. Mguu umeshazoea, anasema.

Usidhani nimerukwa na akili. Kaburi nalipalilia kila wiki, namjua niliyemzika. Nilimuuliza waziwazi, unataka kurudi mjini? Akasema huko yeye ni mtu aliyefanya lile jambo, na hapa anaitwa mezani. Ungemwambia nini mtu wa hivyo? Mimi nilimwongezea mchuzi.

Kwa hiyo njoo wewe. Kwa nini ukae chini ya ngazi za watu? Chumba ni chako tangu zamani, kitanda unakijua. Njoo, mwanangu, mumeo anakusubiri.

Mama.


25 Novemba

Mama,

Shikamoo. Natumai mzima. Mimi si mzima, sitakudanganya.

Siji. Nilikubali kuolewa na mtu aliyemvua mume wangu viatu. Nililipigania jambo hilo peke yangu, nikalishinda. Lakini nikiingia chumba kile, kwenye kitanda kile, na mtu aliyevaa shati nililomnunulia Kitinda, anayetoa vitunguu kama Kitinda, nitalala na nani? Wewe umempata mwanao. Umemzika na umempata, nami sikulaumu, wallahi sikulaumu, nani kati ya mama wote wa huko asingetaka. Lakini mimi mume wangu namwachia Mungu. Siwezi kuolewa tena na maiti kwa mwili wa mtu mwingine.

Ninayempenda ni Mwashi. Yule anayetutazama kwa wasiwasi, mwenye jambo alilofanya. Najua amechoka kuwa yeye. Mwambie achoke hapa, nami nimchoshe vizuri, lakini awe yeye.

Nakuomba kitu kimoja, na kama kweli mimi ni mwanao utanifanyia. Simama uani, umwite Mwashi. Kwa sauti, kama unavyoita watu. Akigeuka, mwambie nipo, na aje leo leo, hata bila mzigo. Asipogeuka usimwambie kitu.

Ukumbini kumekuwa kimya siku hizi. Nimeshaanza kupika jioni tena, mlango wazi.

Mwanao.


10 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Miguu haijambo. Pacha wameanza kutambaa.

Nimefanya ulivyoniomba. Alikuwa juu ya ngazi, anapigilia fremu ya dirisha la chumba cha kuzalishia. Nikasimama uani nikaita, "Mwashi!" Nyundo haikusimama. Nikaita tena, nikaita na mara ya tatu, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Hakugeuka.

Nikaita, "Kitinda!" Akateremka, akaja huku anajifuta mikono, akaniuliza, "Naam, Mama?" Nami nikamwambia chakula kiko tayari.

Mama yenu.